Swali Nililoshindwa Kumwuliza Mama Mkwe

Nina swali moja ambalo humwuliza kila mteja kabla sijagusa mashine yake: mara ya mwisho ilipofanya kazi vizuri, baada ya hapo ulifanya nini? Watu hulichukia swali hili. Mmoja atasema hakufanya kitu, asubuhi aliiwasha akaikuta hivyo. Mwingine atamsingizia mtoto wa jirani. Mimi hunyamaza na kungoja. Nikingoja vya kutosha mtu hukohoa kidogo, hutazama pembeni, kisha husema, "Labda kuna kitu nilifuta." Hapo ndipo kazi yangu huanza, na mara nyingi hapo hapo ndipo huisha.

Kwa miaka mingi nililitumia swali hilo katika kibanda changu mjini Dodoma, na nilijisifu kwamba halijawahi kuniangusha. Kisha Ijumaa moja nikaitwa kutengeneza kompyuta ya mtu pekee duniani ambaye nisingethubutu kumwuliza. Ilikuwa kompyuta ya mama mkwe wangu.

Mimi ni mtu wa milima ya Kondoa, na kwetu mama mkwe hakuwa mtu wa kuzoewa. Babu yangu akikutana na mama mkwe wake njiani, aliacha njia akaingia shambani kwa watu, hata kama ni kwenye miiba, akasimama ameipa njia mgongo mpaka bibi yule apite. Watoto tulicheka, lakini tulicheka mbali. Nilipokwenda kuoa Hombolo, kwa Wagogo, mama yangu hakunipa nasaha ndefu. Alisema, "Mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, haulizwi maswali. Usiende kutuaibisha."

Nikaenda, nikawa mkwe wa mfano. Kwa miaka kumi na moja nilimwamkia kutoka hatua kumi, nimeinama, macho chini. Nilikula sebuleni peke yangu, naye alikula jikoni. Alipokuwa na neno kwangu alimtuma mtu, nami nilipokuwa na neno kwake nilimrudisha mtu yule yule. Niliona naye hajongei kunikaribia, nikajua basi na Wagogo wana mambo hayo hayo, tumekubaliana bila kikao. Nilizijua kanga zake zote na kandambili zake. Uso wake niliujua kwa picha ya ukutani.

Shemeji ni habari nyingine. Mdogo wa mke wangu, kitinda mimba wa nyumba ile, tumetaniana tangu alipokuwa na sare ya shule. Ndiye aliyenipigia simu siku ya Alhamisi.

"Shem, wewe si unajiita fundi?"

"Najiita, na watu wananiitikia."

"Basi njoo kesho. Kompyuta ya Mama haioni diski. Na ni ile diski."

Utani uliisha pale pale, kwa sababu nilijua ni diski ipi. Jumamosi ilikuwa sendofu yake yeye shemeji, sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa. Katika sherehe hiyo baba husimama na kumpa binti maneno ya kuondokea nyumbani. Baba mkwe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na mama alikuwa amewaambia wajomba wote wakae chini, atasimama mwenyewe. Ila hakutaka kusema ya kwake. Alitaka kusema maneno yale yale aliyoyasema marehemu siku alipomuaga binti wao wa kwanza, yaani mke wangu, ili wa mwisho asiondoke na pungufu ya wa kwanza. Kwa wiki nzima alikuwa akiyaandika kwenye daftari. Kila mara alifika mstari wa tatu akakwama, akachana karatasi.

Mke wangu hakuwa na msaada. "Mimi nililia tangu mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Nakumbuka viatu vya Baba tu." Mimi nami sikukumbuka chochote, na sababu yake nitaisema baadaye maana hainipi sifa.

Maneno yote yalikuwa kwenye diski ya video ya siku ile. Nakala zilikuwa mbili. Ya kwetu aliiazima shangazi mmoja wiki ya pili baada ya harusi, na kama unazijua diski za harusi, unajua haikurudi. Tangu hapo mama aliiweka ya kwake kabatini ndani ya kitambaa, hata yeye mwenyewe hakuwahi kuitazama, na haikutoka nje ya nyumba hata kwa kuomba kwa magoti. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kuipeleka mjini ikasomwe kwenye mashine nyingine. Fundi ndiye aliyetakiwa kuifuata diski.

Nilifika Hombolo saa saba mchana. Ua ulikuwa umefagiliwa, viti vya kukodi vimepangwa chini ya turubai, na upepo wa bwawani ulikuwa ukirudisha vumbi pale lilipofagiliwa. Mke wangu alikuwa amebaki mjini kwa mshonaji, angekuja kesho na keki. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Mama," nililiambia vumbi.

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Mama."

"Karibu," alisema, na pazia likatulia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kawaida, na kwa kweli yalikuwa marefu kuliko ya Krismasi.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mashine ile aliinunua alipostaafu ili achapie nyimbo za kwaya. Aliitunza. Haikuwa na vumbi hata kwenye matundu ya pembeni, jambo ambalo kwa Dodoma ni muujiza. Nilibonyeza kitufe cha pembeni, kile kitrei cha diski tunachokiita sidirom kikatoka vizuri. Nikaiweka diski, nikakirudisha. Diski ikaguna mara moja ikanyamaza. Kwenye skrini hapakuwa na kitu.

Nilifungua orodha ya vifaa. Sidirom ilikuwapo, lakini pembeni mwake kulikuwa na alama ya mshangao ya njano. Nilipoibonyeza, mfumo ukanipa namba ya kosa, 39, na maelezo kwamba draiva ya kifaa hiki imeharibika au haipo. Draiva ni ile programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kuzungumza na kifaa. Ikikosekana, kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa na bado mfumo usikielewe.

"Umeuona ugonjwa?" shemeji aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anajipaka hina mwenyewe, mkono wa kulia ukimpaka wa kushoto.

"Nimeuona. Dakika kumi."

Neno hilo la dakika kumi sikupaswa kulisema, na shemeji alinikumbusha mara nyingi mchana ule.

Nilikiondoa kifaa kwenye orodha, nikazima mashine na kuiwasha, ili mfumo ukikute upya na kukiwekea draiva yake wenyewe. Ukakikuta. Ukakiwekea. Alama ya njano ikarudi. Nikarudia, kwa sababu mafundi nasi ni binadamu na hufanya jambo lile lile tukitumaini litaona aibu. Ikarudi tena. Nikaunganisha simu yangu nikaanza kupakua draiva kutoka mtandaoni, nikizunguka uani kutafuta mnara kama mtu aliyepoteza mbuzi. Bando likaisha. Na draiva niliyoipata ilikuwa ile ile niliyoiondoa.

Nilikuwa nimekuja na silaha ya akiba, kisoma diski cha nje kinachochomekwa kwa waya. Kimenitoa aibu katika nyumba nyingi. Nilikichomeka kwa madaha, nikamwambia shemeji alete diski. Mfumo ukakitambua, ukakitaja jina, kisha ukakibandika alama ya njano na namba 39.

Hapo ndipo nilipoacha kubonyeza. Vifaa viwili, kimoja cha zamani na kimoja kizima ambacho jana yake kilifanya kazi kibandani, haviwezi kuugua ugonjwa mmoja kwa bahati. Tatizo halikuwa kwenye sidirom. Kulikuwa na kitu ndani ya mfumo kinachokataa kila sidirom inayokuja, na kitu cha namna hiyo hakijiweki chenyewe. Mtu alifanya jambo. Swali langu likapanda mpaka kwenye koo. Mara ya mwisho ilipofanya kazi vizuri, baada ya hapo ulifanya nini?

Nililimeza. Kumwuliza mteja swali lile ni kazi. Kumwuliza mama mkwe ni kumweka kizimbani, tena ndani ya nyumba yake, tena siku moja kabla ya sendofu.

"Wewe hukuigusa hii mashine?" nilimwuliza shemeji kwa sauti ndogo.

"Mimi nilikuwa chuo mpaka juzi. Anayeitumia ni Mama tu. Nimwulize?"

"Usimwulize."

"Nitasema nauliza mimi."

"Na yeye hajui nani fundi hapa?"

Alinitazama akatikisa kichwa. "Shem, nyinyi wawili mna kazi."

Saa tisa nililetewa chakula, ugali wa uwele na mlenda, na samaki wa bwawani pembeni. Nilikula peke yangu nikiitazama alama ya njano. Nilikuwa na hasira, na nilizigawa bila upendeleo: kwa waliotengeneza mfumo, kwa bando, kwa shangazi na diski yake aliyoiazima. Ningeweza kurudi mjini kuchukua kompyuta yangu ya kazi. Nilikuwa nimeiacha kibandani kwa majivuno, nikiona kisoma diski kinatosha. Lakini fundi anayeondoka kwa mkwe wake saa tisa akisema naenda kuleta mashine inayofanya kazi, huyo atasimuliwa Hombolo mpaka wajukuu. Na jikoni nilisikia karatasi ikichanwa tena. Mama alikuwa amefika mstari wa tatu.

Sauti ile ya karatasi iliniuma kuliko hasira zangu zote. Jua lilikuwa likishuka, na mwanamke yule alikuwa na jioni moja tu ya kuyapata maneno yake.

Nilikuwa nimeanza kufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila mpango, jambo ambalo huwakataza vijana wote ninaowafundisha, ndipo sauti ikatoka jikoni. Ilikuwa sauti ya darasani, ya kumfikia mtoto wa dawati la nyuma.

"Mwanangu," mama alisema.

"Abee, Mama," shemeji akaitika kutoka mkekani, hatua tatu tu kutoka kwangu.

"Unakumbuka ile programu ya kurekodia diski, niliyowekewa na yule mtu wa kwaya? Ile iliyokuwa inanidai nijisajili kila nikiwasha?"

"Naikumbuka, Mama."

"Ilinichosha. Mwezi wa nane nilikwenda mahali inapokaa, nikalifuta folda lake lote, nikamwaga na kapu la taka. Nakuambia wewe tu, nisije nikasahau."

"Nimesikia, Mama."

Shemeji akanigeukia na uso wa mtu anayebeba trei ya mayai. "Umesikia, shem? Mimi nimeambiwa peke yangu."

Nilisikia, na nilitamani kucheka na kupiga magoti kwa wakati mmoja. Ugonjwa wote ulikuwa pale. Programu za kurekodia diski zina tabia ya kujiandikisha ndani ya mfumo. Ziko kama askari wa getini: kwenye daftari la mfumo huandikwa kwamba kila sidirom, ya ndani au ya nje, lazima ipitie kwake kwanza. Ukiiondoa programu kwa utaratibu, huondoka pamoja na jina lake daftarini. Ukilifuta folda kwa mkono, askari ameondoka lakini jina lake limebaki. Kila mgeni anayefika anaambiwa amngoje askari, na askari hayupo.

Nilimweleza shemeji hivyo hivyo, kwa sauti ya kutosha ili na jikoni wasikie bila kuambiwa.

"Kwa hiyo wageni wamekwama getini," alisema.

"Wamekwama."

Aliutazama mkono wake wenye hina, akaupuliza ukauke. "Basi na mimi kesho kutwa naondoka. Wewe na Mama mtazungumza kupitia nani?"

Alisema kama utani, lakini hakucheka. Dada yake anaishi mjini na mimi. Baba hayupo. Baada ya Jumamosi nyumba ile ingebaki na mtu mmoja, na mtu huyo angekuwa yule nisiyemtazama. Niliinamia kompyuta, maana kuinamia kompyuta ndiyo njia yangu ya kutojibu.

Nililifungua daftari la mfumo, mahali pa siri ambapo fundi mwenye akili haendi bila kutoa nakala kwanza. Nikatoa nakala. Kisha nikashuka mpaka kwenye ukurasa wa sidirom, na jina la askari lilikuwa pale, limeandikwa mara mbili, mstari wa juu na mstari wa chini. Nikafuta mstari wa juu. Nikafuta wa chini. Nikazima, nikawasha, nikangoja zile dakika mbili za kuwaka.

Diski ikaguna, ikaguna tena, kisha ikaanza kuzunguka kwa mvumo ule wa zamani. Alama ya njano ilikuwa imetoweka. Kwenye skrini kikatokea kisanduku cha video chenye tarehe ya sendofu yetu.

Sikuicheza kwanza. Diski ya miaka kumi na moja si ya kuaminiwa, kwa hiyo niliinakili yote kwenye mashine, kisha kwenye flashi mbili. Ilipomalizika nikamwambia shemeji, "Mwambie Mama maneno ya Baba yamepatikana." Nilijisikia vizuri sana. Sioni sababu ya kuficha.

Mama alitoka jikoni na daftari lake na kalamu. Nilisimama, nikampisha kiti kilichotazama skrini, nikasogea na kigoda mpaka karibu na mlango, ubavu wangu kwao. Shemeji akatafuta mahali pa hotuba, akapita wapambe na keki na mbuzi wa kuokwa, akafika.

Baba mkwe alisimama mbele ya kipaza sauti amevaa suti kubwa kuliko yeye, karatasi mkononi, ameisogeza karibu na pua maana miwani ilimshinda. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa miaka mitatu. Alikuwa mkulima wa zabibu, na alizungumza taratibu, neno kwa neno, alivyokuwa akipogoa mizabibu yake.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo, na watu wakaitikia. "Mimi sina mengi. Mwanangu, ulikuja siku ya mvua, unaondoka siku ya jua, na zote ni siku njema. Huko uendako usiseme kwetu tunafanya hivi. Uliza kwao wanafanyaje, kisha fanya lililo jema. Ukikosea, sema umekosea kabla hawajakuuliza. Na mlango huu haufungwi. Ila usiuzoee mpaka wa kwako uote kutu."

Kalamu ya mama ilikuwa ikikimbia. Mstari wa tatu, ule uliomshinda, ulikuwa wa kukosea na kusema. Nilimsikia akicheka kidogo puani alipouandika, na nilijua anacheka folda lake.

Nilidhani yameisha. Baba mkwe akaigeuza karatasi.

"Na wewe kijana wangu wa Kondoa. Najua kwenu mama mkwe hatazamwi usoni. Ni heshima nzuri. Lakini mimi na mama yako tumezungumza. Hapa kwetu inua kichwa. Ukiwa na kiu, mwambie Mama naomba maji. Ukiona tumekosea, tuambie. Usipoinua hatutakulazimisha, tutajua umechagua ya kwenu, nasi tutakaa mbali tusikutie aibu. Ila tutafurahi ukiinua."

Kamera ikageuka kumtafuta bwana harusi. Ikamwonyesha msimamizi wangu, ambaye alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akainuka nusu na kuinamisha kichwa kwa niaba. Kiti kilichokuwa pembeni mwake kilikuwa na koti limetundikwa mgongoni. Hakikuwa na mtu.

Sasa niseme ile sababu. Jioni ile taa zilikuwa zikififia na kurudi, zinafifia na kurudi, na mtu wa jenereta alikuwa akila. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. MC alipotangaza nasaha za mzazi, nikaona ni nafasi nzuri ya kutoka dakika chache bila kuonekana. Maneno yale yote yaliposemwa, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, mikono ya shati nimekunja, nimeinama juu ya jenereta linalonguruma, nasafisha plagi yake. Niliporudi watu walikuwa wakipiga makofi, nikapiga nao. Msimamizi alininong'oneza, "Mzee alikutaja, nimekuitikia." Nikamshukuru. Sikumwuliza alisema nini.

Mama mkwe naye alikuwa amejifunika uso kwa kanga akilia, na hakuiona ile nafasi tupu. Aliisikia hotuba, akasikia makofi, akasubiri mkwe wake ainue kichwa. Mkwe akaja kesho yake ameinama. Akaja mwaka uliofuata ameinama.

Na baba mkwe mwenyewe, mwaka mmoja kabla hajafa, tulikuwa tumekaa naye shambani, akaniambia, "Wewe ni mtu wa heshima mno." Nilirudi mjini kifua mbele. Niliichukua kama sifa.

Sebuleni video iliendelea na muziki, shemeji akaizima. Mama akafunga daftari lake. Kisha mama akazungumza, na kwa mara ya kwanza hakumwambia binti yake.

"Kumbe hukuwepo."

"Sikuwepo, Mama."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natengeneza jenereta."

"Miaka kumi na moja," alisema, "nakula jikoni na moshi, nikidhani nakuheshimu wewe."

"Nami nakula peke yangu, nikidhani nakuheshimu wewe, Mama."

Shemeji alitoka nje upesi, akisema anakwenda kutazama viti, na viti havikuwa na tatizo lolote. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Nilifanya jambo pekee lililokuwa limebaki kufanywa. Niliinua kichwa. Hakuwa yule wa kwenye picha. Alikuwa amezeeka vizuri, ana nyusi za mke wangu, na doa la wino shavuni alipojifuta kwa mkono wenye kalamu.

"Mama," nilisema, "naomba maji."

Alikwenda kuyaleta mwenyewe, kwenye kikombe cha bati, yamejaa mpaka juu. Alisimama pale pale mpaka nilipomaliza, akaniuliza kama niongezwe, nikasema niongezwe.

Jumamosi jioni, mbele ya watu wote, mama alisimama bila daftari. Mimi nilikaa mstari wa mbele na mke wangu, ambaye alikuwa ameanza kulia kabla hata MC hajamaliza kukaribisha. Mama alisema mbukwenyi, akasema siku ya mvua na siku ya jua, na hapo taa za turubai zikafifia, zikarudi, zikafifia tena. Niliijua sauti ile ya jenereta. Ni plagi, kazi ya dakika tano. Mikono yangu ilikuwa imeshashika pande za kiti.

Mama aliyakatisha maneno yake. Alinitazama usoni, na kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake.

"Baba, kaa," alisema. "Leo usikilize."

Nilikaa. Taa ziliendelea kufifia mpaka mwisho wa hotuba, na hakuna neno lililonipita.